Mstari wa Rangi ya Kucha

...sss, na bado, hapana, hii si ya mtutuni, ya mtutuni ningeisikia ikipumua kwa mapana kama mtu anayepoza uji, hii ni nyembamba, ni ya mama anayemnyamazisha mtoto kanisani bila kugeuza kichwa, sss, na huyu dada, mmoja wa watu wa benki waliokuja kucheza leo, amesimama upande wa pili wa meza yangu, miwani ya kinga ameipandisha hadi kwenye paji, rangi ya kijani imemkaukia begani alipopigwa, anasema, "Si wewe ndio wanaita Daktari? Hii gun yangu inapiga filimbi hata kabla nishoot, maadui wananisikia kutoka huko," na mimi nacheka, nasema, "Nipe dakika mbili, madam," naye anasema, "Madam ni mama yangu, mimi naitwa Debra," haya Debra, simama hapo basi, anayepiga filimbi si mgonjwa mahututi, nimetibu wangapi chini ya bati hili tangu mwaka jana, na Kuria, mwenye uwanja huu wa kupigana kwa rangi, hataki tuziite bunduki hata kidogo, tuseme maka, majirani wa Karen wakisikia neno bunduki watapigia polisi simu na ni yeye atakayekwenda kueleza kwamba ni gesi tu na vidonge vya rangi, basi maka, maka inavuja, kwanza sikio, halafu povu, halafu mkono, ndivyo Hezekiah alivyonifundisha kabla hajaacha kazi na kurudi kwao Mwingi, usianze na mkono, Obuya, nyinyi mafundi wa mabomba mna haraka ya mkono... na alisema kweli, miaka sita nikifunga mabomba mtaani Satellite, ghorofa hili likiisha hilo linaanza, mwenye nyumba anataka maji leo wapangaji waingie kesho, lazima mkono uwe na haraka, sasa nachovya brashi kwenye kopo la sabuni, napaka mtutuni, kimya, napaka nyuma kule nyundo inakopigia, kimya, kavu, hakuna hata jicho moja la povu, vizuri, basi iko pale pale zinapougulia nyingi, hapo chupa ya gesi inapoingia kwenye maka, oringi, kile kiraba cha duara kidogo kuliko pete ya mtoto, kikichanika kinalia hivi hivi, unafungua chupa, unang'oa kiraba kwa sindano, unatia kipya, unakipaka mafuta yake, si ya gari, na mtu anarudi vitani, "Ni kitu kidogo tu," namwambia Debra, na naikumbatia maka kwa mkono wa kushoto, nashika chupa kwa wa kulia, nazungusha.

Na ikazunguka. Hivyo tu, laini, kama kifuniko cha chupa ya asali ambayo mtu ameshaifungua asubuhi, na chupa yenye gesi haizunguki hivyo, chupa yenye gesi hugoma kwanza, hukushindanisha mabega, halafu maka inakohoa mara moja, kho, ndipo inalegea, hii haikukohoa, hii imenifuata mkono kama mbwa mwenye njaa, robo mzunguko, na ile sss imenenepa, imekuwa shhh, na nimesimamisha mkono, sijui nani ameusimamisha, si mimi, ni Hezekiah, amenishika kiganja akiwa huko kwao Mwingi, "Iko sawa?" Debra anauliza, "Iko sawa, iko sawa," nasema, mdomo wangu una mazoea ya kusema hivyo hata kabla sijaangalia kitu chochote, na hapo ndipo jua linapotoka, Julai nzima mpaka Agosti hii Karen hatujaliona, mawingu yamekaa juu ya mikaratusi kama blanketi lililoloa, watu wanakuja na makoti, na leo saa nane hii linatoka kidogo upande wa Ngong, linaingia chini ya bati, linaangukia shingo ya chupa mikononi mwangu, na ule mstari, ule mstari mwekundu, unametameta.

Haufai kumetameta. Rangi ya uwanja ni nyekundu ya kawaida, bapa, Kuria alinunua chupa tano za rangi ya kucha na muuzaji akamuuliza kama ana mabinti watano, rangi ile haina vimulimuli, yenye vimulimuli ni ya Emmah, ya mke wangu, aliyojipaka harusi ya dada yake Kakamega na iliyobaki akaiweka kwenye mkebe wa sindano, na mimi nikaichukua, Jumapili ile, na nilipaka chupa nne, Mungu wangu, nne, na hii ni moja, na mstari umekatika, nusu iliyo kwenye koo haikutani tena na nusu iliyo kwenye chupa, zimeachana kwa upana wa kidole, ina maana nilichozungusha si chupa kutoka kwenye maka, nimezungusha chupa kutoka kwenye koo lake... koo ni ile shaba iliyokaa shingoni, juu inajifunga kwenye maka, chini inajifunga kwenye chupa, nyuzi mbili, na macho hayaoni ipi inafunguka, mkono nao haujui, ndiyo maana ya mstari, Hezekiah alinionyesha siku ya kwanza, "Unapaka rangi ya kucha kutoka kwenye koo mpaka kwenye chupa, ukizungusha na mstari ukakatika, hapo unaacha, hapo hata kama mkeo anajifungua unaacha, koo likitoka chupa haina mlango tena, gesi yote inataka kutoka mara moja, chupa inaruka na wewe huna hata muda wa kusema Yesu," nikacheka, naye hakucheka, akanionyesha juu, kiraka kwenye bati, juu ya meza ya kujazia gesi, tundu la ukubwa wa sufuria ndogo, chupa iliyoruka ilipita kando ya sikio lake, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto linasikia nyenje tu, mchana na usiku.

Kitako. Kitako cha chupa kinatazama wapi, kinamtazama Debra kifuani, "Debra," nasema, "songa kidogo, hapo kulia, unanifunikia mwanga," na anasonga, anasema, "Pole, Daktari," ananiomba msamaha, mimi, na nageuza maka polepole, viwiko vimebana mbavu, mpaka kitako kinatazama ukuta wa magunia ya mchanga ulio kando ya meza, na hapo natulia, siwezi kuirudisha, siwezi kuiachia, wacha ilie, Hezekiah alisema ikifika hapo iache ilie mpaka inyamaze yenyewe, hata dakika kumi, baridi inapanda, chupa imeanza kutoa jasho, vidole vinauma, shhh, lia mama, lia... na nikisikiliza vizuri kutoka uwanjani nasikia vicheko vya watu wa benki na pa pa pa ya vidonge kwenye mapipa, na nikihesabu, nne toa moja, tatu, tatu ziko uwanjani mikononi mwa watu, na hizo hazivuji, hakuna aliyekuja kulalamika, hii imevuja ikaniambia, hizo zimenyamaza, na nimekaa mwaka mzima nikifukuza uvujaji kana kwamba ndio adui, sasa natamani zote zingekuwa zinapiga mayowe.

Ilikuwa Jumapili ya fainali ya Kombe la Dunia, hiyo ndiyo sababu, kama inaweza kuitwa sababu, makoo manne yalikuwa yanavuja ndani, Kuria akasema yafunguliwe yawekwe raba mpya na yafungwe kwa ile gundi yake, ile inayoshika uzi wa chuma usitikisike, "Usifunge bila gundi, Obuya, umesikia?" nimesikia boss, nikaenda mjini Jumamosi, nikatembea Kirinyaga Road duka kwa duka, mmoja hana, mmoja ananiambia nirudi Jumanne, mmoja ananiletea gundi ya viatu na kuapa ni hiyo hiyo, mvua ya rasharasha, viatu vimeloa, nikarudi mikono mitupu, na Jumapili Kuria akauliza, "Ulipata?" na mdomo wangu ukasema, nilipata, bure tu, sikuwa na haja, angenikasirikia dakika tano yakaisha, lakini alikuwa amesimama na wateja, aliniita Daktari mbele yao, daktari gani anasema hana dawa... na ndani ya begi langu mlikuwa na tepu, ile nyeupe ya mabomba, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, miaka sita haijawahi kuniangusha, uzi wowote unaovuja unauzungushia tepu mara saba upande wa saa na maji yanatii, nikazungusha mara saba, nikafunga, ikaingia laini sana na nikaona raha, nikajipongeza, fundi ni fundi, sikufikiri hata mara moja kwamba tepu ile inaziba maji kwa kuulainisha uzi, inautelezesha, bomba la maji halizungushwi kila Jumamosi na mtu, chupa hizi zinazungushwa, gundi inashika, tepu inateleza, na sasa penye kugoma ni kwenye maka na penye kulegea ni kwenye koo, nimebadilisha milango, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu wenye haraka, mechi ilikuwa usiku lakini nilitaka nafasi mbele ya televisheni pale Satellite.

Na bado tepu si kosa, tepu ningeweza kuieleza, mtu anaweza kukosea kwa ujuzi wake, kosa ni mstari, maana koo likifunguliwa mstari unakatika, na chupa isiyo na mstari Kuria angeiona, angeuliza gundi iko wapi, nionyeshe chupa ya gundi, na rangi ya uwanja ilikuwa imekauka, nikaenda na makoo nyumbani, na chupa zake, kwenye gunia kama viazi, nikakaa jikoni, Emmah akasema, "Hiyo si cutex yangu?" nikasema nitakununulia nyingine, na nikachora, mstari mzuri, mwembamba, kutoka kwenye koo mpaka kwenye chupa, nne, nikazipuliza zikauke, mkono haukutetemeka, mstari ule unasema hapa hapajaguswa na mimi nilikuwa nimetoka kupagusa, nitazirudia Jumatatu, nilisema, Jumatatu gundi ikipatikana, Jumatatu ikapita na nyingine ikapita, na kila Jumamosi watu wakacheza na hakuna kilichotokea, na kitu kisipotokea mara mbili kinaanza kufanana na ruhusa.

"Two minutes!" hiyo ni sauti ya Kuria, anapiga filimbi fupi, dakika mbili mchezo uishe, na wakimaliza wanafanya nini, wanatoka uwanjani wakicheka, wanapanga maka mezani kwa Naliaka, na Naliaka anafungua chupa zote, moja moja, anapima, anajaza gesi, namwona kutoka hapa, hatua ishirini, chini ya kiraka kile kile, ana kofia ya sufu ya mumewe, anafuta meza, anaimba kitu cha kwaya, anavyofungua ni hivi, anabana maka kati ya magoti, chupa juu, anainamisha uso kabisa kabisa karibu na shingo ya chupa aone mstari, maana macho yake si mazuri na miwani anaiweka kwa ajili ya Jumapili, kisha anazungusha, uso uko hapo hapo, hiyo nilimfundisha mimi, nilimwambia, Nali, mstari kwanza, usimwamini mtu, amini mstari, na anaamini, wengine wanacheza na kazi, yeye kila chupa anasema kwa sauti, "Mstari uko sawa," kama anayeitikia ibada... na ni yeye aliyeniingiza hapa, tulikuwa tunakaa benchi moja kanisani Satellite, kazi za mabomba zilipokauka akamwambia Kuria huyu ni kama ndugu yangu, mpe mwezi mmoja uone mkono wake, na Kuria akaona mkono wangu.

Shhh, imepungua, naisikia inachoka, na mimi nina njia, si lazima niseme yote, nikisema gesi ya leo ni mbaya, waliotuletea mitungi wametuletea gesi mbaya, hakuna kufungua chupa mpaka kesho, inatosha, chupa zitakaa, usiku nitazichukua hizo tatu, nitazimaliza gesi pole pole, nitafuta vimulimuli kwa mafuta ya taa, nitatafuta gundi hata kama ni kutembea mpaka Thika, na Jumamosi ijayo hakuna atakayejua, Emmah atanunuliwa rangi nyingine, hata uongo wa mwisho unaweza kuwa na kazi nzuri, si ndiyo, na filimbi ndefu inalia, piiii, mchezo umeisha, wanatoka, wawili, watano, kumi, wamepakwa rangi kama kuta za shule ya nasari, na wa kwanza ameshaweka maka yake mezani na Naliaka ameshaivuta kwake.

"Nali!" naita, sauti imetoka nyembamba, "Nali, wacha chupa! Gesi ya leo sio poa!" na anainua kichwa, anatabasamu, anapungia mkono, "Gesi ni ile ile ya jana, Daktari, nimeipima!" na Kuria anakuja nyuma ya wateja akipiga makofi, "Haraka jameni, group ya Kilimani iko kwa gate, tujaze hizo chupa," na Naliaka anabana ya kwanza kati ya magoti, anainama, uso ule, namwona anasoma, midomo inasema, anazungusha na nimefumba macho, kho, maka inakohoa, imetoka vizuri, haikuwa yenyewe, anaiweka, anavuta ya pili, "Nali, nimesema wacha!" na sasa amekunja uso kidogo, ananijibu kwa ule upole wake wa kuwajibu wanaume wanaojifanya wakubwa, "Na mimi nimeangalia mstari, ndugu yangu, mstari uko sawa," na nimeelewa, jua lote limeniingia kichwani, hakuna uongo utakaofika hatua ishirini zile kabla ya mstari, nilimwambia asimwamini mtu, hata mimi hawezi kuniamini juu ya mstari, mimi mwenyewe nilimfungia mlango huo, uko mlango mmoja tu, na Debra ananitazama, anasema polepole, "Daktari, mkono wako unatetemeka," ndiyo unatetemeka, ungetetemeka Jumapili ile ningeushukuru, na Naliaka anashika chupa ya pili, jua liko mezani kwake pia, na nauona kutoka hapa, mdogo, mwekundu, unametameta.

"Mstari ni mimi nilichora!" Nimesema. Nimesema kwa nguvu mpaka mtu wa benki mwenye kofia ya manjano ameacha kucheka. "Nilizifungua, Nali! Sikupata gundi, niliweka tepu ya bomba, halafu nikachora mstari mwingine juu, ni mimi, usizungushe, nakuomba, usizungushe!" na Kuria amesimama pale alipo mikono ikiwa bado imekutana kwenye makofi, anasema, "Unasema nini?" kwa sauti ya chini kabisa, lakini simtazami Kuria, atakuja na zamu yake, namtazama Naliaka, mkono wake bado uko juu ya chupa na uso wake bado uko pale juu yake, anaitazama, anaigeuza kidogo tu kwenye mwanga, maka na chupa pamoja, kisha ananitazama, si kwa hasira, ningetaka hasira, anatazama kama mtu aliyefika kanisani akakuta benchi lake lina watu wengine.

"Zile za kumetameta?" anauliza.

"Hizo, Nali. Ziko tatu huko."

"Nilifikiri umenipambia mimi, juu ya haya macho yangu mabaya, ndio nizione poa," anasema, na anavua kofia ya sufu, sijui kwa nini anavua kofia, "hizo ndizo mimi hupenda kuanza nazo kila Jumamosi," na vidole vyake vinatoka kwenye chupa kimoja kimoja, anailaza maka juu ya gunia la mchanga na kitako amekielekeza kwa miti, na mimi nimekaa hapa nilipokuwa nimekaa, sijasogea hata inchi, baridi imefika kwenye kiwiko, ile yangu bado inatoa sauti, ndogo sasa, sss, na naishikilia mpaka iishe.